Ekzosi ya inchi 3 kwenye Legacy isiyo na turbo

Msomaji wetu wa Tabata, Dar es Salaam, anauliza: "Mtaalamu, habari za kazi. Nina Subaru Legacy 2.0i ya mwaka 2005, stesheni wagoni, haina turbo. Nimenunua Ilala ekzosi ya mtumba kutoka Japani, ya stenlesi, bomba lake ni la inchi 3, na muuzaji hakujua imetoka kwenye gari gani. Ninataka gari lipate ule mlio wa Subaru na liongezeke nguvu, maana siku hizi ni zito kwenye vilima. Fundi wangu anasema akate bomba lote, aondoe masega, yaani kile kisafisha moshi kilicho njiani mwa bomba, kwa sababu hayafai kwa mafuta ya huku, kisha achomelee ekzosi hii moja kwa moja. Kazi atanifanyia bure iwapo atabaki na masega. Je, nikubali?"

Ndugu msomaji, usikubali, walau si kwa masharti hayo. Fundi anayejitolea kufanya kazi ya nusu siku bila malipo ili abaki na masega anajua anachokitafuta, kwa kuwa ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wa madini hayo hulipa fedha inayozidi kwa mbali ujira wa kukata na kuchomelea bomba. Simlaumu kwa kujua bei ya kitu. Ninachokataa ni yeye kukupa sababu ya kiufundi kwa jambo ambalo kwa kweli ni la biashara.

Sababu yenyewe, kwamba masega hayafai kwa mafuta yetu, ilikuwa na ukweli zamani, na ndiyo maana bado inasikika gereji. Petroli ilikuwa ikitiwa madini ya risasi, na risasi hiyo huyafunika madini ya masega kama chokaa inavyoifunika birika, mpaka yanakoma kufanya kazi. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli ya namna hiyo, na ilipofika mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondoka kwenye vituo vya mafuta. Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa ajili ya magari, iliacha mwaka 2021, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, likatangaza mwisho wake. Gari la mwaka 2005 lililotumika Japani kwanza halijawahi kuonja petroli yenye risasi. Kinachoua masega leo ni injini inayomisi na kupeleka petroli mbichi kwenye ekzosi, ambako huwakia ndani ya masega na kuyayeyusha, au injini inayokula oili kwa miezi mingi bila kushughulikiwa. Katika hali zote mbili ugonjwa uko mbele ya masega, na kuyakata ni kuuacha ugonjwa mahali pake.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, kwa sababu umetaja kwamba gari ni zito kwenye vilima. Kabla ya kufikiria bomba kubwa, ni lazima ujue kama bomba lililopo limeziba. Kipimo si cha kubahatisha: fundi hufungua sensa ya oksijeni ya kwanza, ile iliyo mbele ya masega, anafunga geji ya shinikizo kwenye tundu lake, kisha anawasha injini. Ikiwa injini imepata moto na inazunguka sailensa, yaani bila kukanyagwa mafuta, geji isizidi psi 1.5 hivi, na ukiipandisha mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika ikae chini ya psi 3. Ikipanda juu ya hapo na kuendelea kupanda kadiri unavyoshikilia mafuta, moshi hautoki ipasavyo. Ukigonga masega kwa nyundo ya raba gari likiwa limepoa na ukasikia kitu kinachochezacheza ndani kama changarawe kwenye kopo, ujue yamevunjika na vipande vyake huenda vimesogea mpaka kwenye silensa. Masega ya namna hiyo hubadilishwa, na kabla ya kuweka mengine hutafutwa plagi, koili au sindano ya mafuta iliyoyaua. Ikiwa geji inaonyesha hali nzuri, uzito wa gari lako hautokani na ekzosi kabisa, na fedha yako ielekee kwanza kwenye plagi, chujio la hewa, pampu ya mafuta na oili ya gia.

Sasa tuje kwenye inchi 3. Watu wengi hudhani kwamba moshi ni kama watu wanaotoka uwanja wa mpira, kwamba mlango ukipanuliwa watatoka haraka zaidi. Moshi wa injini hautoki kwa mkondo mmoja. Hutoka kwa mapigo, na kila pigo linapokimbia ndani ya bomba huacha nyuma yake upungufu wa shinikizo unaosaidia kuvuta pigo linalofuata kutoka kwenye silinda. Ili uvutaji huo ufanye kazi, moshi unahitaji kuwa na kasi. Bomba la inchi 3 lina eneo la ndani mara 2.25 ya bomba la inchi 2, kwa hiyo moshi uleule unaopita humo hupungua kasi kwa kiwango hichohicho, hupoa, na uvutaji unadhoofika hasa katika mizunguko ya chini, ambayo ndiyo unayoitumia kwenye foleni ya Mandela na unapoanza kupanda kilima. Utasikia mafundi wakisema injini "inahitaji presha ya nyuma". Matokeo wanayoyaona ni ya kweli ila maelezo yamepinda: hakuna injini inayofaidika kwa kuzuiwa kupumua, bali injini ndogo hupoteza kasi ya moshi pale bomba linapokuwa kubwa kupita kiasi chake.

Injini ya Legacy 2.0i hutoa takribani nguvu za farasi 140 kwa kipimo cha Kijapani. Kwa nguvu hizo bomba la inchi 2 hadi 2 na robo linatosha, na hata la inchi 2 na nusu tayari ni la mtu anayependa sauti kuliko mwendo. Inchi 3 ni bomba la gari lenye turbo, ambako moshi ni mwingi, na ambako mashine ya turbo hufurahia nyuma yake pakiwa wazi. Kubadilisha sehemu iliyo nyuma ya masega kwenye gari kama lako, hata kwa ekzosi inayolifaa, huleta ongezeko la farasi wachache tu, ambalo mguu wako hautalitambua, ingawa sikio litakudanganya kwamba gari limekuwa jepesi.

Na huo mlio? Hapa nina habari ambayo huenda isikufurahishe. Mlio wa kugugumia ambao watu wa Subaru wanauhusudu hautengenezwi na silensa ya nyuma, unatengenezwa mbele kabisa, kwenye heda, yaani mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye injini. Injini ya bapa ya Subaru ina silinda ya 1 na ya 3 upande mmoja, ya 2 na ya 4 upande mwingine, nazo huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 2, 4; yaani upande mmoja hupiga mara mbili mfululizo, kisha upande wa pili nao mara mbili. Katika Subaru za zamani bomba la upande mmoja lilikuwa refu kuliko la upande wa pili, kwa hiyo mapigo yalifika kwenye makutano yakiwa yamepishana vibaya, na kupishana huko ndiko kugugumia kwenyewe. Kizazi cha Legacy kilichotoka Japani mwaka 2003, ambacho ndicho cha gari lako, kiliingia sokoni kikiwa na heda za urefu sawa. Wahandisi walizisawazisha ili injini ipumue vizuri zaidi, na mlio wa kale ukaondoka pamoja na kasoro iliyouzaa. Silensa yoyote utakayoifunga nyuma italiongezea gari lako sauti, haitalirudishia kigugumizi. Wako wanaobadilisha heda kurudi kwenye zile zisizo sawa, wakilipa fedha ili kupunguza ubora wa injini yao, na mimi siwezi kumshauri mtu jambo hilo kwa dhamiri safi.

Kuna pia sauti ambayo hukuiomba. Injini ya silinda 4 huwaka mara 2 katika kila mzunguko, kwa hiyo ukiwa kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika inapiga mara 80 kwa sekunde. Bodi la stesheni wagoni, lenye nafasi kubwa tupu nyuma, huitikia sauti nzito za namna hiyo kama ngoma, na abiria husikia mvumo unaobana masikio kwa safari nzima ya Morogoro. Wakati wa kujaribu gari mtaani mvumo huo hausikiki, kwa sababu hakuna anayeshikilia mwendo mmoja kwa dakika 20. Ndiyo maana ninasisitiza silensa ndogo ya katikati isiondolewe, hata kama ya nyuma inabadilishwa: kazi yake kubwa ni kuzima mvumo huo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uirudishe ekzosi hiyo au uibadilishe kwa nyingine, ukitafuta silensa iliyotoka kwenye Legacy ya umbo lilelile na injini ileile isiyo na turbo, yenye bomba linalokaribia ukubwa wa lako la sasa. Nenda dukani na vipimo: kipenyo cha nje cha bomba, umbali kati ya matundu ya bolti ya flanji (bamba la kuungia mabomba), na picha za sehemu zote za kuning'inizia. Tazama kama ina kibati cha JASMA, chama cha watengenezaji wa silensa za michezo cha Japani, ambacho huonyesha kwamba ilipimwa na kukidhi kiwango cha kelele cha huko ilipokuwa mpya. Nasema ilipokuwa mpya kwa makusudi, kwa kuwa silensa nyingi za aina hiyo hupitisha moshi moja kwa moja katikati ya bomba lenye matundu, lililozungushiwa nyuzi za kioo, na nyuzi hizo huungua na kupeperushwa kadiri miaka inavyopita. Itikise, uigonge kwa vidole: ikilia kama debe tupu, sauti yake barabarani itakuwa hivyohivyo. Chukua na sumaku ndogo. Stenlesi ya daraja la 304 haivutwi na sumaku, ya daraja la 409 huvutwa lakini bado hustahimili kutu kuliko chuma cha kawaida, hivyo sumaku kunata si ushahidi kwamba umetapeliwa; ni ushahidi wa kuuliza bei ya chini.

Ukipata inayolingana, haina haja ya kukatwa wala kuchomelewa chochote, nayo ni faida kubwa kuliko inavyoonekana. Kazi ifanywe gari likiwa limepoa kabisa, likiwa juu ya lifti au juu ya stendi imara kwenye sakafu ya zege. Jeki ni ya kuinulia tu, kamwe si ya kulala chini yake. Bolti za ekzosi ya miaka 20 zimeshikana na kutu, kwa hiyo zipuliziwe mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake jioni, na ile itakayogoma ipashwe moto kwa uangalifu mbali na tenki na mabomba ya mafuta. Ikikatika, ni heri ikatike flanji ikiwa bado ipo kuliko fundi kukimbilia gurudumu la kukatia. Raba za kuning'inizia zivuliwe kwa maji ya sabuni. Grisi na oili hurahisisha kazi ya leo lakini huila raba taratibu, na baada ya mwaka silensa itakuwa inabembea. Raba zenye nyufa zibadilishwe siku hiyohiyo, na gasketi ya zamani isirudishwe hata kama inaonekana nzima, kwa sababu imekwisha kubonyea kwa umbo la flanji ya awali.

Silensa mpya ining'inizwe kwanza kwenye raba zote, bolti zikiwa zimeshikwa kwa vidole tu, kisha bomba lizungushwe na kusogezwa mpaka likae katikati ya nafasi yake. Ukaguzi huu usiishie gari likiwa juu, kwa maana magurudumu yakining'inia vyuma vya nyuma hushuka na kuonyesha nafasi ambayo haitakuwepo gari likikaa chini. Literemshe, pakia watu wawili nyuma, halafu hakikisha kuna angalau sentimita 2 au 3 kati ya bomba na propela, difu, mabomba ya breki, tenki na bampa. Ndipo bolti zikazwe, kuanzia mbele kwenda nyuma. Pale penye bolti za springi, springi hazikazwi mpaka zikajifunga zote: zimewekwa ili kiungo kiweze kucheza.

Ekzosi ni lazima iwe na uhuru wa kucheza. Bomba la stenlesi ya 304 lenye urefu wa mita 3, likipanda joto kwa nyuzi 300, hurefuka karibu sentimita 1 na nusu, zaidi ya chuma cha kawaida cha urefu huohuo. Fundi anayeondoa raba na kuchomelea silensa moja kwa moja kwenye chesisi "ili isigonge" analazimisha urefu huo utafute pa kwenda, nao hupata: hupasua kiungo, au hung'oa shina la heda. Na kama mazingira yatakulazimisha kuchomelea, basi stenlesi inapoungana na chuma cha kawaida hutumiwa waya wa daraja la 309, si fimbo iliyo mkononi, na nyaya za betri zifunguliwe kabla mashine haijawashwa ili kompyuta ya gari na mifuko ya hewa isidhurike. Bomba la maji lenye zinki lisitumike kamwe. Huku mitaani hutumiwa kwa sababu ni rahisi kupatikana, lakini zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaompa mchomeleaji homa na kutetemeka usiku wake, na sehemu iliyochomwa hupoteza kinga ya kutu.

Ukibakiza masega, sensa zote mbili hubaki mahali pake na kompyuta haitakuwa na neno. Ukiyaondoa, sensa ya pili, ambayo kazi yake ni kuyachunguza, itatambua kwamba hakuna kinachosafishwa, taa ya injini itawaka na mashine ya kupimia itasoma P0420, yaani msimbo wa masega yasiyofanya kazi. Hapo huja biashara ya pili, ya kuuziwa kipande cha kuidanganya sensa. Gari litatembea, ila taa hiyo haitakuonya tena kwa uaminifu, na harufu ya moshi itakuwa ile ya magari ya miaka ya themanini.

Baada ya kufunga, injini iwashwe ikiwa baridi, na mtu azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kizito kilicholoweshwa kwa sekunde chache huku mwingine akisikiliza kila kiungo. Mahali panapopiga "tss" panavuja. Uvujaji ulio mbele ya sensa ya kwanza hula mafuta, kwa sababu kati ya pigo na pigo hewa ya nje hunyonywa ndani, sensa hudhani mchanganyiko una petroli kidogo, na kompyuta huongeza petroli isiyohitajika. Uvujaji ulio nyuma zaidi hauli mafuta, lakini unaweza kuua. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, hushikamana na damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, na dalili zake za mwanzo, kichwa kuuma na usingizi, hufanana mno na uchovu wa safari. Wewe una stesheni wagoni, na gari la umbo hilo likiwa mwendoni hutengeneza nyuma yake eneo la hewa iliyopungua shinikizo, linalovuta moshi kuelekea mlango wa nyuma. Kwa hiyo mdomo wa ekzosi utokeze nje ya bampa, usiishie chini yake, mpira wa mlango wa nyuma ukaguliwe, na msisafiri na mlango huo ukiwa umefungwa kwa kamba kwa sababu ya mzigo mrefu.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Tanzania ina Kanuni za Udhibiti wa Kelele na Mitetemo za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, na askari wa usalama barabarani hahitaji kipima sauti ili kukusimamisha na kulikagua gari linaloamsha mtaa. Usiku wa Tabata, jirani mwenye mtoto mchanga atakufikia kabla ya askari.

Siku ya kwanza utaona moshi mwembamba chini ya gari na kunusa harufu ya kuungua. Hayo ni mafuta ya mikono ya fundi na ya kulainishia kutu, yataisha ndani ya nusu saa. Ukiona matone ya maji kwenye mdomo wa ekzosi asubuhi usishtuke, kwani lita moja ya petroli ikiungua huzaa takribani lita moja ya maji, na mengine hubaki ndani ya silensa gari linapotumika kwa safari fupifupi tu. Kama chini ya silensa kuna kitundu kidogo, kimewekwa ili maji hayo yatoke, na fundi asikizibe akidhani ni kutu. Baada ya kilomita 100 hivi rudi gereji, gari likiwa limepoa, bolti zote zijaribiwe tena kwa spana, kwa sababu gasketi mpya hubonyea baada ya kupata moto mara kadhaa. Ekzosi ya zamani ipeleke nyumbani ikiwa nzima na bolti zake. Ikiwa mvumo wa njia ya Morogoro utakushinda, utairudisha kwa saa moja.